Mshahara wa Miaka Kumi na Mitatu: Mzaha wa Mzazi na Historia ya Kazi Mjini Bujumbura

Katika kazi zote tuwapazo wanafunzi wetu, hakuna iliyo kongwe kuliko insha ya "Nikiwa Mtu Mzima". Sisi wenyewe tuliiandika tulipokuwa wadogo, walimu wetu wakaisahihisha kwa kalamu nyekundu, na leo tunaisahihisha sisi kwa kalamu ya rangi ile ile. Kwa kawaida insha hizi hazisomwi na mtu mwingine ila mwalimu, kisha hurudi kwenye mkoba wa mtoto na mwisho hufungiwa karanga. Lakini mwaka mmoja, katika shule moja ya mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, tuliona vema kuwasomea wazazi insha mbili tatu siku ya mkutano wao. Hatukujua tulilokuwa tukilitenda.

Ya kwanza ilikuwa ya mvulana aliyeandika kwamba atakuwa mchezaji wa mpira huko Ulaya, na kwamba atamjengea baba yake nyumba ya ghorofa. Baba yake, fundi makanika ambaye mikono yake haijapata kutakata mafuta hata siku ya Idi, alisimama akasema: "Walimu wangu, mtoto huyu tangu aanze mpira amekwisha kunivunjia vioo vitatu vya magari ya wateja. Sasa anataka kwenda Ulaya, na nasikia huko nyumba nzima ni vioo. Nani atalipa?" Watu wakacheka, na mtoto naye akacheka, maana mpira umezoea kuchekwa.

Insha ya pili ilikuwa ya msichana. Yeye aliandika kwamba atakuwa mwalimu wa Kiswahili. Mama yake, mwuza vitenge katika soko la Ruvumera, alinyanyuka taratibu, akaitengeneza mtandio wake, akasema: "Samahani, walimu. Huyu Kiswahili nimemfundisha mimi. Nilimfundisha akiwa hajaota meno, nikimnyonyesha, nikipika, nikipanga bidhaa, wala hakuna aliyenipa hata faranga moja. Ikiwa kumbe kazi hiyo ina mshahara, basi naomba kwanza nipewe wangu wa miaka kumi na mitatu, naye ataanza baada yangu."

Baraza zima likaangua kicheko. Msichana akainamisha kichwa. Sisi tulicheka kwa sauti kuliko wengine wote. Lakini kicheko kilipotulia tukatazamana, kwa kuwa katika chumba kile waliokuwa wakilipwa kwa Kiswahili ni sisi peke yetu.

Tangu siku ile tumekuwa tukiufikiri mzaha wa mama yule, na kila tukiufikiri tunaona kwamba haukuzuka siku ile mkutanoni. Una umri zaidi ya karne moja. Katika mji wetu Kiswahili kimekuwa chombo cha karibu kila kazi, lakini chenyewe hakikuhesabiwa kuwa kazi. Na mzazi anayecheka akisikia mtoto wake anataka kukifundisha anacheka kwa kumbukumbu ya mji mzima.

Turudi nyuma kidogo. Lugha hii ilifika kwetu kwa njia ya ziwa. Wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wakivuka na kupita pwani za Tanganyika tangu karne ya 19, na miongoni mwao alikuwako Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, ambaye alijaribu kuingia bara kwa nguvu. Majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yaliwazuia watu wake. Kwa hiyo Kiswahili kilibaki ukingoni: Rumonge, Nyanza, na mahali palipoitwa Usumbura. Vilimani walisema Kirundi, na hawakuwa na haja ya lugha nyingine, maana Burundi ni moja ya nchi chache za Afrika ambazo watu wake wote husema lugha moja ya nyumbani.

Mwaka 1897 Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura. Walikuja na askari na wapagazi waliotoka pwani, Unyamwezi, Manyema na kwingineko, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, ambacho utawala wao ulikitumia katika koloni lote la Afrika Mashariki. Tangu Mwezi Gisabo alipokubali mapatano ya Kiganda, tarehe 6 Juni 1903, mtu wa Burundi mwenye shauri na mkubwa wa Kijerumani mara nyingi alilazimika kulipitisha katika masikio ya mtu wa tatu. Hapo ndipo mtoto wa Usumbura alipopata ndoto zake za kwanza za kazi: kuwa askari, kuwa karani, kuwa mkalimani.

Msomaji hodari atatukatiza hapa: "Na mkalimani je? Yeye si alilipwa kwa Kiswahili?" Tumelifikiri jambo hilo. Jibu letu ni kwamba Kiswahili alikuwa nacho kila mtu kambini, hata mpishi. Mkalimani alilipwa kwa ile lugha nyingine aliyoijua na ambayo wenzake hawakuijua. Askari alilipwa kwa bunduki, karani kwa kalamu, mpagazi kwa mabega. Kiswahili kilikuwa kama maji ya ziwa, ambayo kila mtu huyateka na hakuna anayeyauza.

Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 waliukuta mji mdogo wa namna hiyo, nao wakaufanya makao makuu ya utawala wa Ruanda-Urundi. Wakazi wasemao Kiswahili, wengi wao Waislamu, walitengewa mahali pao, na baadaye wakakaa katika mtaa uliopangwa kwa barabara zilizohesabiwa kwa namba, ndio Buyenzi wa leo. Utawala mpya haukuwaamini sana. Uliwaona kama watu wasio wa kabila wala wa mwami, wenye dini ya wafanyabiashara na lugha ya Wajerumani walioshindwa. Neno lenyewe "Mswahili" likapata harufu mbaya vilimani, na mpaka leo mtu wa Burundi akikuita Mswahili yafaa umtazame usoni kwanza, ujue kama anataja lugha yako au anakuonya kwamba ameshauona ujanja wako.

Jambo lililowaumiza zaidi lilikuwa elimu. Shule ziliwekwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa misheni, hasa za Kikatoliki. Shule kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya Astrida, huko Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 1929 chini ya mabruda kutoka Ubelgiji; humo walilelewa wana wa machifu na wasaidizi wa utawala, wa tiba, wa kilimo na wa mifugo. Mzazi Mwislamu wa Buyenzi alipopima mambo hayo aliona mizani yake haina upande mzuri: akimpeleka mtoto shule ya misheni, alihofu atarudi na jina jingine, akimzuia, atabaki bila cheti. Wengi walizuia. Chuo cha Kurani kilimfundisha mtoto kusoma herufi za Kiarabu, na barabara ikamfundisha mengine yote. Tusiwalaumu wazee wale upesi. Mlango waliofunguliwa ulikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa mtoto.

Kwa hiyo ndoto ya ukarani ilipungua Buyenzi, ikaja ndoto ya usukani. Hapa yafaa tukae kidogo, kwa sababu hii ndiyo sura nzuri kuliko zote katika historia ya kazi mjini petu. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwalazimisha wakulima kupanda kahawa, na barabara zilichimbwa kwa kazi ya shuruti ambayo Warundi wanaikumbuka pamoja na kiboko. Maelfu walikimbilia Uganda na Tanganyika kuikwepa. Kahawa ile ilishuka vilimani kwa malori mpaka bandari ya Usumbura, ikavuka ziwa mpaka Kigoma, ikapanda treni ambayo reli yake ilifika huko mwaka 1914, ikasafiri mpaka Dar es Salaam, ambako Wabelgiji walikuwa wamepewa na Waingereza, kwa mapatano ya mwaka 1921, sehemu yao ya bandari iliyoitwa Belbase. Tazama safari hiyo: dereva, kuli, baharia, mpakiaji wa treni, karani wa Belbase. Mzigo ulibadilisha chombo mara nyingi, lakini haukubadilisha lugha. Kutoka gati la Usumbura mpaka Bahari ya Hindi ulitukanwa kwa Kiswahili kimoja.

Mtoto wa Buyenzi aliyemwona dereva akirudi kutoka safari, amevaa kofia, amekaa juu kuliko watu wote, alitaka nini tena? Wazee wanasimulia kwamba baba mmoja, mfanyabiashara wa zamani aliyewahi kusafiri kwa miguu, alimjibu mwanawe hivi: "Mpagazi wangu akichoka hulala chini ya mti. Gari lako likichoka, utalala wewe chini yake." Mwana hakusikia. Akawa dereva, akalala chini ya gari mara nyingi, akajifunza huko chini kazi ya pili. Ndiyo maana leo Buyenzi ina gereji nyingi, na ndiyo maana mafundi wake huweza kulifufua gari ambalo mwenyewe amekwisha kulifanyia matanga. Mwana wa dereva alipotaka kuwa makanika, baba yake naye alipata la kusema. Tunamnukuu kama tulivyohadithiwa: "Mimi niliingia chini ya gari kwa ajali, wewe unaingia kwa kupenda."

Kwa ufupi, kila kazi ambayo mzazi wa leo anaitaja kwa heshima ilichekwa na mzazi wa jana. Makanika yule wa vioo vitatu ni mjukuu wa mzaha.

Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai 1962, na mji ukabadilishwa jina kuwa Bujumbura. Waswahili wa mji huu walikuwa wameweka matumaini makubwa kwa Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, aliyewatembelea, akala nao na kuwaingiza katika vyama vyake vya ushirika na baadaye katika chama cha UPRONA. Chama hicho kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo Rwagasore akauawa kwa risasi hapo hapo mjini. Yaliyobaki ya matumaini yale yaliingia ofisini kwa Kifaransa. Yeyote aliyetaka mshahara wa serikali alihitaji Kifaransa. Kirundi kilikuwa cha nyumbani na cha kanisani. Kiswahili kikaendelea kuuza samaki.

Sasa tunafika mahali ambapo mzaha unakauka mdomoni, nasi hatuwezi kupita kwa kuruka. Mwishoni mwa Aprili 1972 maasi yalizuka kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, ambamo Watutsi wengi waliuawa. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji ya miezi kadhaa yaliyowaandama hasa Wahutu waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wauguzi, wanajeshi. Idadi inayotajwa mara nyingi ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Walimu waliondolewa madarasani, majina yao yakisomwa katika orodha. Baada ya mwaka ule wako wazazi wengi wa Kihutu walioogopa kuwapeleka watoto wao mbele katika masomo. Mtoto aliyesema atakuwa mwalimu alimtisha mama yake. Mzazi aliyemwambia mwanawe "soma, lakini usisome mpaka mwisho" huenda aliyasema maneno hayo akitabasamu, na mtoto akadhani ni utani. Kalamu, ambayo Astrida iliifanya ndoto kubwa kuliko zote, ilikuwa imekwisha kuwa ushahidi dhidi ya mwenyewe.

Kwa hiyo tunapomsikia mzazi wa Bujumbura akiidhihaki ndoto ya mtoto wake, tusikimbilie kusema kwamba hana maono. Katika nchi hii kumekuwa na miaka ambayo kutoonekana ndiko kulikokuwa kazi salama. Nyundo haikuandikwa katika orodha, na kitenge hakikuulizwa cheti.

Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, viliigawa mitaa ya mji kwa makabila. Buyenzi ilibaki mtaa wa mchanganyiko, watu wa makabila yote wakiishi barabara moja na kujificha nyumba moja. Na katikati ya vita hivyo ilitokea habari ambayo kila mwalimu wa Burundi angefaa kuisimulia darasani. Mwaka 1996, huko Atlanta, Burundi ilishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza. Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Makamba, alitegemewa sana katika mbio za mita 1,500. Mwenzake Dieudonné Kwizera, aliyekuwa amekosa michezo iliyotangulia kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki, alikuwa amekwenda Atlanta kama kocha tu. Niyongabo akampa nafasi yake, naye mwenyewe akaingia mbio za mita 5,000, ambazo alikuwa hajazikimbia ila mara chache mno, akashinda medali ya dhahabu tarehe 3 Agosti. Siku ile redio zilipotangaza, ni baba gani angeweza kumwambia mwanawe kwamba kukimbia ni kazi ya mwizi?

Mpira nao ukapata siku yake. Tarehe 23 Machi 2019, katika uwanja uliokuwa ukiitwa kwa jina la Rwagasore, Burundi ilitoka sare 1-1 na Gabon, ikafuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Mataifa ya Afrika. Huko Misri ilifungwa michezo yote mitatu bila kupata bao, jambo ambalo mafundi wa Buyenzi walilipokea kwa maneno tusiyoweza kuyaandika katika jarida la walimu. Na mfano wa Saidi Ntibazonkiza, mzaliwa wa Bujumbura, una ladha ya pekee kwetu. Alicheza Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa. Kisha akaja Tanzania, akavaa jezi ya Yanga na baadaye ya Simba, na msimu wa 2022/23 akawa mmoja wa wafungaji bora wawili wa ligi, kila mmoja akiwa na magoli 17. Mtoto wa mji wetu alizunguka lugha nne za Ulaya ili aje alipwe mahali panaposemwa lugha ya barabara za kwao.

Hatusemi kwamba hapakuwa na waliokula kwa Kiswahili chenyewe. Redio ya taifa imekuwa na watangazaji wake wa Kiswahili, nasi tulilelewa na sauti zao. Khadja Nin, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1959, alikipeleka katika santuri zake, kama "Ya Pili" ya mwaka 1994 na "Sambolera" ya mwaka 1996, mpaka masikio ya Wazungu wasiokijua. Lakini hao wanahesabika kwa vidole, na mama wa soko hawezi kumlea binti yake kwa hesabu ya vidole.

Mabadiliko yalikuja tarehe 1 Julai 2007, Burundi ilipoingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika miaka hiyo Kiswahili kiliingizwa katika shule za msingi, kikaketi dawati moja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Ghafla palihitajika walimu, vitabu na mitihani. Nasi tukapata kazi.

Hapa hatuna budi kukiri jambo. Tulipopewa darasa, kosa la kwanza tulilolisahihisha lilikuwa Kiswahili cha akina mama. Mtoto asemaye "tunaendaka" nyumbani, kama wasemavyo jirani zetu wa Kongo, alikuta mstari mwekundu chini ya neno lake. Tulimfundisha useme sanifu, na tulifanya vema, kwa kuwa mtihani hauna huruma na barua ya kuomba kazi Dodoma haina haja ya lahaja. Lakini hatukumwambia kwamba lile neno lilifika Bujumbura kabla ya shule yetu, na kwamba lililisha watu wakati sisi hatujulikani. Mama yule wa Ruvumera aliyajua hayo. Kwa miaka kumi na mitatu alimjenga mtoto kwa lugha yake, kisha mtoto akarudi kutoka shuleni akimwambia, "Mama, si hivyo." Mzaha wake ulikuwa dai halali, nasi tuliucheka kana kwamba haukutuhusu.

Wiki chache baada ya mkutano alikuja shuleni, kwa miguu, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua kwa mfanyabiashara wa Kigoma aliyempelekea robota la vitenge lenye upungufu. Binti ndiye aliyeiandika. Tuliisoma tukaona imenyooka: salamu, tarehe, hesabu, malalamiko yasiyovunja urafiki. Palikuwa na neno moja tu la kisokoni katikati, ambalo binti alikuwa amelikata na kuandika la kitabuni juu yake, na mama alikuwa amemlazimisha alirudishe. Akatuuliza nani ana haki.

Tulimwuliza kama yule mtu wa Kigoma angelielewa.

"Ndiye aliyenifundisha," akasema.

Basi likabaki. Akaikunja barua, akaitia katika ncha ya kitenge alichojifunga, akaaga. Alipofika mlangoni akageuka. "Na huyu mwalimu wenu mpya amenidai faranga mia tano za kuandika," akasema. "Nimemwambia tutakatana katika ule wa miaka kumi na mitatu."